ISTILAHI ZA TIBA YA ATERI ZA MOYO: KUZIBULIWA, KUUGUZWA NA KUPONA

Utangulizi

Katika kazi ya kuunda na kusanifisha istilahi ziko nyanja ambazo neno lisilofaa huleta usumbufu mdogo tu. Mwanagenzi akiita parafujo msumari, fundi wake atamsahihisha na kazi itaendelea. Ziko nyanja nyingine ambazo neno lisilofaa hufika mbali zaidi, kwa sababu mwenye kulipokea ni mgonjwa, na neno hilo ndilo atakalorudi nalo nyumbani. Daktari haendi naye. Mwuguzi haendi naye. Linalokwenda naye ni neno, naye atalitii kama alivyolielewa.

Makala haya yanakusudia kueleza maneno yanayohusu tiba ya ateri za moyo: yale yanayotumika hospitalini, na yale yanayotumika nyumbani mgonjwa anapopata nafuu huku jamaa zake wakimwuguza. Haja ya maneno haya imekua upesi. Zamani wagonjwa wengi wa Tanzania waliohitaji tiba hii walipelekwa nje ya nchi, hasa India, na mazungumzo yao na madaktari yalipitia lugha ya kigeni. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, tiba hii imekuwa ikitolewa hapa nchini, na mgonjwa aelezwa hali yake kwa Kiswahili. Hapana budi basi Kiswahili hicho kiwe chema.

Tumeyapima maneno kwa mambo manne. Kwanza, je, neno lasema kweli juu ya kinachotendeka mwilini? Pili, lanyambulika, yaani laweza kuzaa kitenzi, jina la mtenda na jina la tendo? Tatu, ni fupi kiasi cha kutamkika na mtu anayeumwa? Nne, na hili ndilo kubwa katika tiba, je, lina maana nyingine ambayo mgonjwa ataifikia kabla ya ile tuliyoikusudia?

1. Mshipa, ateri na vena

Neno la Kiswahili la tangu zamani ni mshipa. Ni neno zuri, lakini lina mzigo mkubwa. Mshipa ni njia ya damu itokayo moyoni. Mshipa ni njia ya damu irudiyo moyoni. Mshipa wa fahamu ni uzi upelekao hisia kwenye ubongo. Juu ya hayo, kwa watu wengi wa pwani, mtu "mwenye mshipa" ni mwenye ugonjwa wa ngiri au wa kuvimba korodani. Mzee wa makamo akiambiwa mbele ya wakwe zake kwamba "ana tatizo la mshipa", huenda akaona haya hata asiulize swali la pili.

Katika vitabu vya sayansi vya shule yamekwisha kuenea maneno ateri, kwa njia itoayo damu moyoni, na vena, kwa njia irudishayo damu moyoni. Neno ateri lina historia ya ajabu. Asili yake ni Kiyunani, na baadhi ya waganga wa kale wa Uyunani walidhani kwamba ateri hupitisha hewa, maana walizikuta tupu katika maiti. Dhana ilikuwa na kosa, neno likabaki, na leo halimdhuru mtu ye yote kwa sababu hakuna anayekumbuka asili yake. Hilo ni funzo kwetu: neno la mkopo lisilo na picha mara nyingine ni salama kuliko neno la asili lenye picha potofu.

Moyo wenyewe, ingawa umejaa damu, haunywi damu iliyomo ndani yake. Hulishwa na ateri mbili, ya kulia na ya kushoto, zinazochipuka kwenye shina la ateri kuu na kuuzunguka moyo kwa nje. Lugha za Ulaya ziliziita kwa neno la Kilatini lenye maana ya taji, kwa kuwa zimeuvika moyo kama taji. Wako waliopendekeza "ateri za taji". Sisi tunaona picha hiyo haimsaidii mgonjwa. Ateri za moyo yatosha: jina lataja kazi na mahali. Upana wa ateri hizi, katika sehemu zake kubwa, ni kama milimita 3 hadi 4. Anayetaka kuelewa kwa nini jambo dogo hapo huleta msiba na azingatie kipimo hicho.

2. Limbiko, mbano na shambulio

Watu husema "mafuta yameziba mishipa", nao wana haki nusu. Kinachotokea ni kwamba mafuta, chembe za mwili na chokaa hujilimbika katika ukuta wa ateri, mwaka baada ya mwaka, na ukuta ule huvimba kwa ndani na kuipunguza njia. Wako waliopendelea neno ukoko, kwa kufananisha na wali ulioshika chini ya sufuria. Picha inavutia, lakini ukoko hushika juu ya chuma na hukwanguliwa. Kitu hiki kimo ndani ya ukuta wenyewe, wala hakikwanguliki. Mgonjwa aliyeshika picha ya ukoko huja akiuliza kwa nini daktari hakumsugua, au hununua mitishamba ya "kusafisha mishipa" na kuacha dawa zake. Kwa hiyo tunapendekeza neno limbiko, wingi malimbiko, kutokana na limbika, yaani kukusanya kidogo kidogo. Picha yake ni ya muda mrefu, na ndivyo maradhi haya yalivyo.

Njia ikiwa nyembamba, moyo hupata damu ya kutosha mtu akiwa ameketi, lakini hupungukiwa akipanda kilima. Hapo kifua hubana. Neno kifua nalo lataka uangalifu, kwa sababu "ana kifua" kwa wengi ni kusema ana kikohozi au kifua kikuu, na "kifua kinanibana" husemwa pia na mwenye pumu. Tunapendekeza mbano wa moyo kwa ile hali ya kifua kubana kwa sababu moyo umepungukiwa na damu.

Limbiko likipasuka, damu huganda juu yake na kuifunga njia ghafla. Sehemu ya msuli wa moyo iliyotegemea njia hiyo huanza kufa. Kwa tukio hili Kiswahili kina majina mawili yanayoshindana: mshtuko wa moyo na shambulio la moyo. Hapa tunaomba msomaji asimame nasi kidogo.

Mshtuko ni neno tamu na limeenea, lakini kushtuka ni kupatwa na habari au jambo la ghafla. Familia iliyoambiwa kwamba baba alipata mshtuko wa moyo hutafuta ni nani aliyemshtua. Wakishamleta nyumbani, humficha kila jambo: msiba wa ndugu, ada ya shule, mgogoro wa shamba. Mtu aliyekuwa mkuu wa nyumba huwa mgeni ndani yake, akiona watu wananyamaza kila aingiapo. Ni kweli kwamba hasira na huzuni kali zaweza kuchochea tukio hili kwa mtu ambaye ateri zake zimekwisha kuharibika. Lakini chanzo ni limbiko, na nyuma ya limbiko ziko sigara, presha, kisukari, lehemu nyingi katika damu, na urithi. Neno mshtuko huitwisha lawama nafsi ya mtu aliyeleta habari na kuiacha sigara iende zake. Kwa hiyo tunaunga mkono shambulio la moyo. Hata hivyo lisichanganywe na kusimama kwa moyo, ambako moyo huacha kupiga kabisa, wala na kiharusi, ambacho ni ugonjwa wa ubongo.

3. Kuzibua, kutanua na kupandikiza

Historia ya tiba hii ni fupi. Mwaka 1929 huko Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijipitishia mrija mwembamba katika vena ya mkono wake mwenyewe hadi moyoni, akaonyesha kwamba moyo waweza kufikiwa bila kifua kufunguliwa. Mwaka 1956 alishiriki Tuzo ya Nobel. Mwaka 1967 René Favaloro, mpasuaji kutoka Argentina aliyekuwa akifanya kazi Cleveland, Marekani, alianza kutumia vena iliyotolewa mguuni kupitisha damu kando ya sehemu iliyoziba. Mwaka 1977 mjini Zürich, Andreas Grüntzig aliitanua ateri ya moyo ya mtu aliye macho kwa kutumia puto dogo kwenye ncha ya mrija. Mwaka 1986 huko Toulouse, Jacques Puel aliweka ndani ya ateri ya moyo wavu mdogo wa chuma ili njia isirudi kusinyaa.

Mrija ule tunapendekeza uitwe katheta. Wauguzi na wagonjwa wengi husema "mpira", lakini "kuwekewa mpira" hospitalini kwajulikana kuwa ni mpira wa mkojo. Mgonjwa akiambiwa kwamba atapitishwa mpira hadi moyoni hujenga picha ambayo hakuna maelezo yatakayoifuta.

Wavu wa chuma tumeuita stenti. Baadhi ya wenzetu waliona ni uvivu kukopa. Lakini neno lenyewe katika lugha za Ulaya ni jina la mtu: Charles Stent, daktari wa meno wa Uingereza katika karne ya 19, aliyetengeneza utomvu wa kuchukulia umbo la meno. Baadaye wapasuaji waliutumia utomvu ule kushikilia ngozi iliyopandikizwa, na jina likahama kutoka kinywani hadi kwenye ateri. Waliolikopa kwanza hawakulitafsiri. Nasi hatuna deni la kulitafsiri.

Sasa twaja kwenye kitenzi chenyewe. Magazeti na watu husema mgonjwa "amezibuliwa mishipa". Kitenzi zibua ni chepesi, chajulikana na kila mtu, na chanyambulika vizuri: zibuliwa, zibuka, uzibuaji. Kwa vipimo vyetu vitatu vya kwanza hakina ubaya mkubwa. Kwa kipimo cha nne kina hatari. Kitu kinachozibuliwa nyumbani ni karo au bomba. Fundi akishazibua, analipwa na kuondoka, na maji yanapita. Hakuna mtu anayempa bomba lake kidonge kila asubuhi kwa mwaka mzima baada ya fundi kuondoka.

Ukweli wa ateri ni mwingine. Puto likitanuliwa, limbiko halitolewi bali hubanwa ukutani, na stenti hulizuia lisirudi. Malimbiko mengine katika ateri zilizobaki hayakuguswa. Tena stenti yenyewe ni kitu kigeni katika damu, na mpaka ifunikwe na utando wa mwili, damu ina tamaa ya kuganda juu yake. Kwa hiyo siku mgonjwa atokapo hospitalini ni siku ya kwanza ya tiba ya pili. Tunapendekeza kitenzi tanua na jina utanuaji wa ateri. Kutanua ni kuongeza nafasi. Hakudai kwamba kilichokuwamo kimeondoka, wala hakuahidi kwamba kazi imekwisha.

Kuhusu njia ya Favaloro, lilikuwapo pendekezo la mchepuko, kutokana na barabara ya mchepuko inayopita kando ya mahali palipofungwa. Kimaana lafaa sana. Bahati mbaya mitaani neno hilo limekwisha kupewa kazi nyingine, ya mpenzi wa kando, na hatuwezi kumtuma mzee mwenye heshima zake arudi nyumbani na kumwambia mkewe kwamba amewekewa mchepuko moyoni. Tumechagua upandikizaji wa ateri za moyo. Msemaji lazima asiseme kwa mkato "amepandikizwa moyo", kwa maana hilo ni jambo jingine kabisa, la kutoa moyo na kuweka wa mtu mwingine.

Kadhalika tutenge tiba kwa katheta na upasuaji. Katika tiba kwa katheta hakuna kitu kilichopasuliwa. Mgonjwa hutiwa ganzi kwenye kifundo cha mkono au kwenye kinena, naye huwa macho; aliyetibiwa kwa mpango mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Aliyefunguliwa kifua ana mfupa uliokatwa, nao huchukua kama majuma 6 hadi 12 kuunga. Huyu asinyanyue ndoo wala mtoto, na akikohoa akumbatie mto kifuani. Familia isipojua ni tiba gani kati ya hizo mbili iliyofanywa, ama itamlaza mtu aliyepaswa kutembea, ama itamtuma maji mtu aliyepaswa kupumzisha kifua.

4. Majina ya dawa na saa za kuzinywa

Hapa ndipo neno lisilofaa linapoweza kuua. Mgonjwa aliyewekewa stenti hupewa kwa kawaida dawa mbili za kuzuia damu isigande juu yake. Mara nyingi ni aspirini pamoja na klopidogreli au ya aina yake. Aliyetibiwa kwa mpango huzinywa zote mbili kwa kawaida kama miezi 6, na aliyepata shambulio la moyo kama miezi 12, ingawa daktari aweza kufupisha au kurefusha muda huo. Baada ya hapo moja yake, aghalabu aspirini, huendelea.

Katika Kiingereza cha kila siku dawa hizi huitwa kwa usemi wenye maana ya "vifanyavyo damu kuwa nyepesi". Waliotafsiri neno kwa neno wametuletea "dawa ya kupunguza damu". Sasa, upungufu wa damu ni ugonjwa unaojulikana katika kila kliniki ya wajawazito. Mke ambaye kwa miaka mingi ameambiwa kwamba kupungukiwa na damu ni hatari, akiona mumewe amepewa dawa ya kupunguza damu, na mumewe mwenyewe akilalamika kwamba amechoka, atafanya nini? Kwa mapenzi kabisa atamwambia aipumzike, na badala yake atampikia mchicha na maini. Dawa ikiachwa ghafla, stenti yaweza kuziba, na kuziba huko mara nyingi huua.

Tunapendekeza kizuiamgando, wingi vizuiamgando, kutokana na zuia na mgando. Katika maelezo kwa mgonjwa yatosha kusema "dawa ya kuzuia damu isigande". Damu yake haipungui hata tone. Kinachobadilika ni kwamba akijikata atachelewa kukatika damu, na huenda akaona michubuko. Basi amwambie daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino. Akitoka damu pale katheta ilipoingilia, alale chini na mtu apabonyeze kwa nguvu muda wa dakika 10 bila kuchungulia, na damu ikiendelea apelekwe hospitali mara moja. Hata hivyo asiache dawa bila ruhusa ya daktari wa moyo.

La pili ni saa. Kiswahili huhesabu saa tangu kucha na tangu kuchwa. Dawa iliyoandikwa "saa 8 usiku" na mtu aliyefikiri kwa saa za kizungu humwamsha mgonjwa usiku wa manane, ilhali alikusudiwa kuinywa saa 2 usiku baada ya chakula. Tena "kila saa 8" ni muda, na "saa 8" ni wakati. Tunawasihi waandikao bahasha za dawa waandike "asubuhi", "mchana" na "usiku kabla ya kulala" badala ya tarakimu tupu.

La tatu ni chumvi. Mgonjwa akiulizwa hujibu kwa kweli, "Situmii chumvi", akimaanisha kwamba hanyunyizi chumvi mbichi mezani. Chumvi iliyokwisha kupikwa katika mchuzi, na iliyomo katika dagaa, mkate na bisi, haihesabu. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo ni ya chumvi yote. Basi istilahi ya kufundishia iwe chumvi yote, si chumvi ya mezani.

5. Nafuu, ahueni na kupona

Kiswahili ni tajiri katika ngazi za kutoka ugonjwani. Mgonjwa hupata nafuu, yaani maumivu hupungua. Hupata ahueni, yaani nguvu huanza kurudi. Hatimaye hupona. Katika malaria ngazi hizi hufuatana kwa siku chache, na aliyepona huacha dawa. Ndiyo maana mwenye stenti akisema "nimepona" amejipa, bila kujua, ruhusa ya kuziacha. Maumivu yamekoma; anapanda ngazi bila kuhema; kwa nini aendelee kutumia fedha? Wauguzi wasimkatishe tamaa kwa kumwambia kwamba hatapona. Wamwambie kwamba ametengemaa, na kwamba dawa ndizo zimtengemazazo.

Kutoka kitenzi hicho limekuja neno utengamao, ambalo linatumika katika huduma za afya hapa Tanzania kwa tiba ya kumrudishia mtu uwezo wake. Ni bora kuliko ukarabati, linalonuka saruji na rangi. Tunapendekeza utengamao wa moyo kwa mpango mzima wa mazoezi, mafunzo na ushauri baada ya tiba ya ateri.

Neno mazoezi nalo huwatisha wazee, kwa kuwa huwaletea picha ya vijana uwanjani. Kinachotakiwa mwanzoni ni matembezi: dakika chache siku za kwanza, kisha kuongeza kidogo kidogo hadi kufikia kama dakika 30, siku 5 kwa juma. Kipimo chake hakihitaji chombo. Atembee kwa mwendo ambao aweza kuzungumza na mwenziwe; akishindwa kumaliza sentensi apunguze; kifua kikibana asimame. Aliyepitishiwa katheta asibebe mzigo mzito kwa muda wa kama juma moja. Juu ya tendo la ndoa wengi huona haya kuuliza na hukaa miezi kwa hofu. Kwa kawaida, awezaye kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana wala kuhema sana hana sababu ya kuogopa, ila asitumie dawa za kuongeza nguvu za kiume kabla ya kumwuliza daktari, kwani zikikutana na dawa za nitrati presha yaweza kushuka kwa kiasi cha hatari.

6. Mwuguzaji na moyo wa pili

Kiswahili kina neno ambalo lugha nyingi zinalihitaji: kuuguza. Mgonjwa huugua, jamaa yake humwuguza. Mwuguzi ni mwenye taaluma. Aliye nyumbani, anayekesha, anayechemsha uji na kuhesabu vidonge, tunapendekeza aitwe mwuguzaji. Wengine husema mlezi, lakini mlezi hulea watoto. Baba aliyewekewa mlezi hugeuzwa mtoto katika nyumba aliyoijenga.

Kazi ya mwuguzaji ina adabu yake. Mwana akimwuliza baba yake, "Umemeza dawa?", amemweka baba mahali pa mwanafunzi, naye baba atajibu "Ndiyo" ili kulinda heshima yake, hata kama hajameza. Akisema, "Baba, tuzihesabu dawa zako pamoja tujue kama zitafika mwisho wa mwezi", amepata ukweli bila kumvunjia hadhi. Mwuguzaji awe na orodha ya dawa zote pamoja na vipimo vyake, aende nayo kliniki, na azijue dalili za hatari: mbano unaodumu zaidi ya dakika chache, maumivu yanayoelekea mkononi au tayani, jasho baridi, kukosa pumzi. Kwa wanawake na wenye kisukari, uchovu wa ghafla au kichefuchefu vyaweza kuwa dalili pekee. Hapo pasingojwe asubuhi.

Katika lugha yetu moyo ni kiungo, tena ni ujasiri. Twasema kutiwa moyo, kuvunjika moyo, kufa moyo. Waganga wamegundua kwamba lugha haikukosea sana: karibu mtu 1 katika kila 5 waliopata shambulio la moyo hupatwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na wenye sonona hawapati nafuu vizuri kama wenzao. Mgonjwa aliyekuwa mchangamfu akikataa chakula, akikosa usingizi, akisema hana faida, asiambiwe "jikaze". Sonona ni ugonjwa na ina tiba, daktari aelezwe.

Mwuguzaji naye ana moyo. Desturi yetu ya kumjulia mgonjwa hali ni njema, ila wageni 20 kwa siku, wote wakihitaji chai, humchosha anayeuguza kuliko ugonjwa wenyewe. Ajaye kusema "Ugua pole" na aulize pia, "Na wewe unayeuguza, umelala?" Kisha ashike zamu.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Ateri za moyo: njia za damu zinazoulisha msuli wa moyo.
Limbiko: mkusanyiko wa mafuta, chembe na chokaa katika ukuta wa ateri.
Mbano wa moyo: kifua kubana kwa sababu moyo umepungukiwa na damu.
Shambulio la moyo: kufa kwa sehemu ya msuli wa moyo kwa kukosa damu.
Katheta: mrija mwembamba unaopitishwa katika njia ya damu.
Utanuaji wa ateri: kuongeza nafasi ya ateri kwa puto.
Stenti: wavu mdogo unaobaki ndani ya ateri kuizuia isisinyae.
Upandikizaji wa ateri za moyo: kuunganisha njia mpya ya damu kupita kando ya mahali palipoziba.
Kizuiamgando: dawa ya kuzuia damu isigande.
Utengamao wa moyo: mpango wa kumrudishia uwezo aliyetibiwa moyo.
Mwuguzaji: jamaa au rafiki anayemtunza mgonjwa nyumbani.

Hitimisho

Maneno haya ni mapendekezo, na mwamuzi wake ni matumizi. Neno zibua, tunajua, halitaondoka midomoni mwa watu kwa sababu sisi tumeandika makala, wala hatutaki mtu akemewe kwa kulitumia. Tunachoomba ni kwamba alitumiaye aongeze sentensi moja: "Njia imefunguka, lakini dawa ndizo zinazoishika wazi." Waganga, wauguzi, wafamasia na waandishi wa habari wanaokutana na wagonjwa kila siku, na wauguzaji wenyewe, watuletee maneno yanayotumika katika sehemu zao, hasa yale yaliyomfanya mtu aelewe vibaya. Hayo ndiyo tunayoyahitaji kuliko yote.